Jina la Wafula

Jina ni mali ya kwanza ambayo mtoto hupewa duniani. Hupewa kabla ya shamba na kabla ya elimu. Na siku atakapokufa, nguo zake zitagawanywa na shamba lake litarithiwa, lakini jina litabaki vinywani mwa watu. Wazee walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. Walakini mali hii ina ajabu moja, nayo ni kwamba wengi wetu twaichukua tangu utotoni hadi uzeeni bila ya kuifungua tukaona kilichomo ndani. Katika insha hii nataka kulifungua jina moja tu, jina la kiume la Wafula, na kuwaonyesha wasomaji kuwa ndani yake mna mambo mengi kuliko tunavyoambiwa.

Msafiri atokaye mji wa Bungoma kwenda Kitale, kwa njia ipitayo Webuye na Kiminini, ana mlima Elgon upande wake wa kushoto muda mrefu wa safari. Wabukusu huuita mlima huo Masaba. Katika nchi hiyo iliyo chini ya mlima, jina la Wafula husikika kila mahali: sokoni, kanisani, katika mabasi, na katika madaftari ya shule. Ukimwuliza mtu maana yake, atakujibu upesi kwamba Wafula ni mtoto mwanamume aliyezaliwa wakati wa mvua. Jibu hilo ni la kweli, na wengi wanaoandika juu ya majina ya Kiafrika hulitoa hilo hilo, kisha hutua kalamu. Silikatai, nasema tu kuwa ni fupi mno, na ufupi wake huwapoteza watu. Jina hili limepata kufanya kazi tatu. Limetaja majira ya mwaka. Limetaja wazee waliokufa. Na sasa, zaidi ya yote, lataja ukoo. Ajuaye kazi moja tu katika hizo tatu hulisoma jina kama mtu asomaye ukurasa wa kwanza wa kitabu akadhani amekimaliza.

Na tuanze na neno lenyewe. Katika Lubukusu, ambayo ndiyo lugha ya Wabukusu, mvua huitwa efula. Mwanafunzi wa Kiswahili huenda akadhani kuwa efula na mvua ni maneno mageni yasiyojuana, lakini hayo ni ndugu. Kiswahili kina tabia ya kuiangusha sauti ya l iliyokuwa katikati ya irabu mbili katika maneno ya zamani ya Kibantu. Watu wa Malawi husema mvula, na Wazulu wa Afrika Kusini husema imvula. Kiswahili kimeiacha l na kusema mvua. Lubukusu, kwa upande wake, imeitunza. Angalia tena neno njaa, ambalo kwa Lubukusu ni enjala. Na neno njia, ambalo kwa Lubukusu ni engila. Katika maneno yote matatu l imekufa kwetu, nayo ingali hai kwao. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezaliwa Lamu au Tanga akilisikia jina la Wafula, hasikii neno la mbali. Asikia neno la babu zake mwenyewe lilivyokuwa kabla ya kupungukiwa na sauti moja.

Mbele ya neno hilo pana silabi ya Wa. Katika majina mengi ya Wabukusu, Wa ni alama ya mwanamume, na Na ni alama ya mwanamke. Mvulana wa mvua ni Wafula, na msichana wa mvua ni Nafula. Wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wa njaa ni Wanjala na Nanjala. Na yule ambaye mama yake alishikwa na uchungu akiwa safarini, akajifungulia njiani, ni Wangila au Nangila. Kanuni hii ni nzuri, lakini haifai kushikwa kama sheria ya chuma. Mwanasiasa mmoja mashuhuri wa Bungoma wakati wa ukoloni aliitwa Pascal Nabwana, naye alikuwa mwanamume. Robert Wangila Napunyi, bondia wa Kenya aliyetwaa medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alichukua majina yenye Wa na Na pamoja. Basi kanuni yafaa kutuongoza, wala haifai kutufunga macho.

Hapa yafaa pia kutoa onyo kwa wanafunzi wanaopenda kutafuta asili za maneno. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Katika Tanzania mna mkoa wa Simiyu, uliotangazwa mwaka 2012, na jina lake limetokana na mto Simiyu unaomwaga maji yake katika ziwa Victoria. Katika Bungoma na Kitale mna maelfu ya watu waitwao Simiyu, nao wameitwa hivyo kwa neno la Lubukusu litajalo kiangazi, wakati wa jua kali. Mtu akiona haya mawili akaruka na kusema kuwa Wabukusu walitoka katika mto ule, atakuwa amejenga nyumba juu ya mwangwi. Mimi nimethubutu kusema kuwa efula na mvua ni ndugu kwa sababu badiliko la sauti moja laonekana katika maneno mengi kwa utaratibu ule ule, tena maana zake ni moja. Bila ya utaratibu huo ningalinyamaza.

Sasa tutazame kazi ya kwanza ya jina. Zamani Wabukusu hawakuwa na kalenda ya karatasi iliyoning'inizwa ukutani. Walihesabu mwaka kwa mambo yaliyoonekana shambani na angani, na mtoto aliyezaliwa katika jambo fulani alilichukua jambo hilo maisha yake yote. Simiyu alizaliwa kiangazi, Wafula katika mvua, Wanyonyi katika palizi, na Wekesa katika mavuno. Mwaka ulipoharibika, majina pia yaliusema uharibifu huo: Wanjala alizaliwa katika njaa, na Wasike nzige walipoivamia nchi. Furaha nayo ilikuwa na jina lake, maana Wamalwa ni mtoto wa siku za pombe ya wimbi, wakati nafaka ilipokuwa tele na majirani walipoalikana. Hata namna ya kuzaliwa ilikuwa na majina yake. Katika mapacha, wa kwanza ni Mukhwana na wa pili ni Mulongo, na yule azaliwaye baada ya mapacha ni Khisa. Ukiyapanga majina ya wazee wa kijiji kimoja, wapata kama kitabu cha historia ambacho hakuna mtu aliyekiandika.

Lakini tusidhani kuwa majina hayo yalikuwa kama Januari na Februari. Yalifuata kazi, hayakufuata mwezi. Katika sehemu nyingi za Bungoma mavuno ya mahindi huanza mnamo Agosti. Katika nyanda za juu za Kitale, ambako baridi ni nyingi na mahindi hukawia kukomaa, watu huvuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wekesa wa Bungoma na Wekesa wa Kitale waweza kutofautiana kwa miezi miwili au mitatu, na kila mmoja akawa na haki ya jina lake. Tena, kabla mahindi hayajaenea, zao kuu la Wabukusu lilikuwa wimbi, na wimbi lilikuwa na majira yake. Zao lilipobadilika, jina halikubadilika. Bali miezi iliyokuwa ndani yake ilisogea. Kwa sababu hiyo anayetaka kumtungia Wafula tarehe kamili ya kuzaliwa kutokana na jina lake ajitaabisha bure.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kukataa hesabu hiyo, nayo ndiyo kazi ya pili ya jina. Si kila Wafula alizaliwa katika mvua. Katika desturi ya Wabukusu, na ya jamii nyingine za Waluhya, mtoto hupewa pia jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa. Husimuliwa kwamba mtoto mchanga alipolia mfululizo bila ya ugonjwa ulioonekana, wazee waliyataja majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine. Na mtoto aliponyamaza, jina lililotajwa wakati ule ndilo lililokuwa lake. Walifikiri kuwa yule marehemu ndiye aliyekuwa akimtafuta mtu wa kumchukulia jina lake. Wazee walichagua kwa uangalifu. Jina la mtu mkarimu, shujaa au mwenye hekima lilirudishwa kwa furaha. Jina la mwizi au mchawi liliachwa lizikwe pamoja na mwenyewe.

Twaweza kuliona jambo hili katika mtu anayejulikana ulimwenguni kote. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans-Nzoia, alishinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya Paris mwezi wa Agosti 2024. Yeye alizaliwa tarehe 1 Agosti 2004. Jina lake ni la palizi, lakini katika nchi ya Kitale watu hupalilia mahindi katikati ya Aprili na Juni. Mwezi wa Agosti mahindi yamekwisha kuwa marefu kuliko mtu. Asomaye majina kwa kamusi atasema kuwa jina na tarehe vyagombana. Asomaye kwa desturi haoni ugomvi wowote, maana ajua kuwa jina laweza kuwa limepita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mtoto. Palikuwa na Wanyonyi wa kwanza aliyezaliwa watu wakiwa na majembe mikononi; waliomfuata walirithi jina kama vile mtu arithivyo kigoda cha babu yake, bila ya kuwa yeye ndiye aliyeukata mti.

Basi ni nini maana ya jina kwa Wafula wa namna hii, aliyezaliwa jua likiwaka? Kwake yeye Wafula si mvua. Wafula ni babu. Mtu alimwita kwa jina hilo ili yule mzee asisahauliwe, na ili mtoto apate mfano wa kuufuata. Hapo ndipo nionapo upungufu wa orodha za majina zinazouzwa na kusambazwa kwa wazazi. Orodha husema neno lina maana gani, haisemi jina lina maana gani. Na mambo haya mawili ni mbalimbali. Maana ya neno hupatikana katika lugha. Maana ya jina hupatikana nyumbani, kwa wale waliolitoa.

Kazi ya tatu ililetwa na nyakati mpya. Mwaka 1902 wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani walifungua kituo huko Kaimosi, na baadaye kazi yao ikaenea hadi katika nchi ya Wabukusu. Wakatoliki nao walikuja. Aliyebatizwa alipewa jina jipya, na jina hilo jipya liliwekwa mbele. Aliyekuwa Wafula akawa Petro Wafula au John Wafula. Jina la nyumbani halikufukuzwa, lakini lilisogezwa nyuma, kama mzee aambiwaye na vijana awape nafasi kwenye benchi.

Baada ya kanisa ilikuja ofisi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa Kenya mwaka 1915, na ilianza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuwa na kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Wakati huo huo nchi ya Trans-Nzoia iligawanywa mashamba makubwa ya masetla, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mashamba hayo yalihitaji vibarua wengi zaidi. Wabukusu wengi walivuka mto Nzoia kwenda kufanya kazi huko, wengine wakakaa kama maskwota. Mbele ya karani, jina halikuwa tena neno la kuitana. Likawa kitu cha kuandikwa mstarini, chenye jina la baba nyuma yake, lisibadilike kutoka karatasi moja hadi nyingine. Shule ilifuata kwa daftari lake, na Serikali kwa cheti cha kuzaliwa, cha mtihani, na cha shamba.

Msomaji na atazame badiliko lililofanyika. Zamani Simiyu alimzaa Wafula, Wafula alimzaa Wekesa, na Wekesa huenda akamzaa Simiyu mwingine kwa kumkumbuka babu yake. Kila mtu alikuwa na jina lake, na majina yalizunguka kama majira yenyewe. Sasa Wafula mmoja aliyeandikishwa na karani amewaachia watoto wake wote jina la Wafula, nao wamewaachia wajukuu. Tuseme leo mwalimu katika shule moja ya Kitale anaita majina asubuhi, naye asema kwa sauti, "Wafula!" Huenda wakasimama watatu: Brian Wafula, Kevin Wafula, na Mercy Wafula. Hapana hata mmoja wao aliyeitwa hivyo kwa mvua ya siku aliyozaliwa, wala kwa babu aliyetajwa wakati wa kilio chake. Wameitwa hivyo kwa kuwa baba yao ameandikwa hivyo.

Huyo Mercy astahili kutazamwa zaidi, maana katika jina lake mna jambo ambalo wengi hawalioni. Alama ya Wa ilikuwa ya mwanamume. Katika utaratibu wa kale msichana hangeitwa Wafula, angeitwa Nafula. Lakini jina likiisha kuwa la ukoo, hupoteza kujua kama lamwita mwana au binti. Mke aweza kulichukua kwa mumewe, na binti kwa baba yake, na Wa ikabaki pale kama kifungo kilichoshonwa katika nguo isiyo na tundu lake. Sisemi kuwa Mercy amekosewa. Nasema kwamba silabi moja iliyokuwa ikisema imenyamazishwa, na kwamba ni vema ajue kuwa katika lugha ya nyanya yake kulikuwa na jina lililotengenezwa kwa ajili yake yeye hasa.

Wako watu wanaotazama mambo haya kwa huzuni na kusema kuwa jina la Wafula linakufa. Siwezi kukubaliana nao. Jina lililofungwa kuwa la ukoo haliwezi kufa upesi. Labda halijapata kuwa na uhai mrefu kama sasa. Wafula Chebukati, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya kuanzia mwaka 2017 hadi 2023, alijulikana kwa jina hilo nchini kote, na alipofariki mwaka 2025 alizikwa Trans-Nzoia. Ng'ambo ya mpaka, Wafula Oguttu, mwandishi wa habari na mwanasiasa, alikuwa kiongozi wa upinzani katika Bunge la Uganda tangu mwaka 2014 hadi 2016. Maana jina hili si la Wabukusu peke yao, ni la majirani zao pia katika nchi hizi mbili. Kwa hiyo lililopungua si jina. Lililopungua ni uhuru wake. Zamani liliweza kumchagua mtoto yeyote aliyezaliwa katika mvua, hata kama baba yake ni Simiyu. Leo hungoja zamu yake katika mstari wa ukoo mmoja.

Wala tusiwasikilize wale wasemao kuwa jina halisi la Kibukusu lazima liwe safi, lisiguswe na lugha nyingine. Wabukusu hawakuwahi kuogopa kukopa. Jina la Barasa latokana na baraza la Kiswahili, nalo lilipewa watoto waliozaliwa siku za mikutano ya machifu na maofisa. Jina la Sikuku ni sikukuu yetu ile ile. Utaratibu ulikuwa wa zamani, ndio ule wa kutaja tukio, ila tukio lilikuwa jipya. Na lugha ililipokea kwa midomo yake yenyewe, ikageuza z kuwa s. Tazama pia majina ya Michael Kijana Wamalwa, aliyezaliwa katika nchi ya Bungoma mwaka 1944, akawa Makamu wa Rais wa Kenya, akafariki London mwaka 2003, na kuzikwa Kitale. Michael ni jina la dini, Kijana ni la Kiswahili, na Wamalwa ni la Lubukusu. Mtu mmoja amechukua lugha tatu, wala hakulemewa.

Zaidi ya hayo, majirani wamekopana tangu zamani sana. Marika ya tohara ya Wabukusu ni manane, nayo ni pamoja na Maina, Chuma, Sawa na Kikwameti. Nenda kwa Wakalenjini, utakuta Maina, Chumo, Sowe na Kipkoimet. Majina hayo ni yale yale, yamevaa matamshi mawili. Watu waliopeana majina ya marika yao hawakuwa wageni wao kwa wao. Walikuwa wakitazama mlima mmoja, wakichunga katika malisho yanayopakana, na mara nyingine wakioana.

Nimelitaja hili kwa sababu majina yamepata kutumiwa kwa uovu. Nchi ya Trans-Nzoia na Bungoma iliguswa na mapigano ya kikabila ya mwaka 1991 hadi 1993, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 sehemu nyingi za Kenya ziliona vizuizi vya barabarani ambapo vitambulisho vya wasafiri vilisomwa ili ijulikane ni watu wa kabila gani. Jina lililotolewa na bibi kwa kushukuru mvua likawa sababu ya mtu kupita au kutopita. Hapo jina limetiwa kazi ya nne, kazi ambayo hakuna mzee aliyelipa. Ni kosa la kiakili kabla ya kuwa kosa la mikono. Maana asomaye kabila tu katika jina hajasoma neno, hajasoma marehemu, wala hajasoma majira. Mvua iliyompa Wafula jina lake ilinyesha pia juu ya shamba la jirani yake Msabaoti, wala haikuuliza.

Je, wazazi wa leo wafanye nini? Wengine wameanza kulirudisha jina la nyumbani mbele, au kumpa mtoto jina la siku yake pamoja na lile la ukoo. Hilo ni jambo jema, lakini jina peke yake halitoshi. Mzazi akimwita mtoto Wafula kwa kuwa amelipenda katika orodha, bila ya kumwambia lilikotoka, amempa sanduku bila ya ufunguo. Na mzazi aliyemwita mwanawe Brian, lakini akamweleza kwa nini babu yake aliitwa Wafula, mvua ile ilikuwa ya mwaka gani, na mzee yule alikuwa mtu wa namna gani, amempa mengi zaidi. Jina huishi kwa masimulizi yanayofuatana nalo. Yakikatika, hubaki sauti.

Profesa Chris Wanjala, mhakiki wa fasihi kutoka Bungoma aliyefariki mwaka 2018, alichukua jina litajalo njaa. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha uhakiki wa fasihi ya Afrika ya Mashariki, na jina la kitabu hicho, likigeuzwa kwa Kiswahili, ni Majira ya Mavuno. Mtu wa njaa akaandika juu ya mavuno. Hapo twajifunza kuwa jina ni mwanzo tu wa habari ya mtu, na kwamba lililobaki huandikwa naye mwenyewe kwa kazi zake.

Basi, mwanafunzi, ukirudi nyumbani wakati wa likizo, mtafute aliye mkubwa kuliko wote katika jamaa yako, umwamkie kwa heshima, na umwulize mambo matatu: nani alinipa jina langu, nani alilichukua kabla yangu, na jambo gani lilikuwa likitendeka alipolipewa yule wa kwanza. Andika majibu katika daftari lako. Usikawie, maana vyeti hutunzwa makabatini, lakini majibu ya maswali hayo hutunzwa katika vichwa vya wazee, na wazee hawangoji. Kama u Wafula, huenda ukaambiwa habari za mvua. Huenda ukaambiwa habari za mtu. Vyovyote vile, utaondoka pale ukiwa na jina lile lile ulilokuja nalo, ila safari hii litakuwa lako.